Uhamie kama mpangaji wa muuzaji, au ubaki ulipo mpaka hati ibadilike jina?

Tuseme nyumba iko Madale, Dar es Salaam. Mmepatana bei, wakili ameandika mkataba wa mauziano, picha za pasipoti zimebandikwa na dole gumba limeshaingia kwenye wino. Sehemu kubwa ya pesa umeshalipa. Kilichobaki ni kubadilisha jina kwenye hati, na fungu la mwisho utakalotoa siku hati ikitoka. Huku nyuma kodi yako ya Tabata inaisha mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele kama ilivyo desturi. Muuzaji anakupigia simu: "Mama, ya nini kumpelekea mtu mwingine pesa? Nyumba ipo tupu. Hamieni, mnipe kodi kidogo, mengine tutamalizana humohumo."

Mimi na mume wangu tuliambiwa maneno hayo, karibu yaleyale, tukahamia wiki ileile. Leo nyumba ni yetu na hati ina majina yetu wawili. Lakini ilichukua miezi kumi na mmoja, na naamini kabisa kwamba tungebaki Tabata tungemaliza kwa mitano. Tangu hapo ndugu na majirani wananiuliza wafanyeje wao. Naweka hapa njia zote ninazozijua, ubavu kwa ubavu.

Ziko nne. Unaweza kubaki ulikopanga mpaka uhamisho ukamilike. Unaweza kuhamia kwa mkataba wa upangaji unaosimama peke yake, kodi mbali na bei mbali. Unaweza kuhamia kwa makubaliano kwamba kila unacholipa kinapunguza bei, yaani mpangaji mnunuzi. Au unahamia hivihivi, bila kodi wala karatasi, kwa neno "kaa tu". Watu huzilinganisha kwa kuangalia kodi ya mwezi. Mimi naanza na swali jingine: ukishahamia, ni nani amebaki na haraka ya kumaliza?

Haraka ndiyo inayobadilisha hati

Uhamisho wa hati haujiendeshi wenyewe. Kuna upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona kama nyumba ina deni la benki au zuio, yaani taarifa iliyosajiliwa kwamba kuna mtu mwingine anayedai haki juu yake. Mthamini anakuja kupima, na ripoti yake inapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji anatakiwa awe amelipa kodi ya pango la ardhi, pamoja na malimbikizo yote ya nyuma. Kisha anakwenda TRA kwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani. Kuna fomu za ardhi za kujaza na kusaini, kuna kibali, ndipo usajili.

Tazama ni hatua ngapi kati ya hizo zinahitaji miguu, saini au pesa za muuzaji. Ni nyingi. Wewe mnunuzi huwezi kumlipia mtu madeni yake ya pango la ardhi kwa siri, wala kusaini badala yake. Muuzaji mwenye nyumba tupu, asiyepata senti mpaka kazi iishe, huamka alfajiri kuwahi foleni ofisi ya ardhi. Muuzaji anayeingiziwa kodi kila mwezi, na sehemu kubwa ya bei ameshaitumia kujengea kwingine, haraka ataitoa wapi?

Na wewe pia unalegea. Hilo sikulitegemea. Ukishatundika mapazia, ukapanda mchicha nyuma ya jiko na watoto wakapata marafiki, moyo unasema nimefika. Mwezi wa nne tuliacha kumpigia wakili simu kila Jumatatu. Faili letu lilikuwa limekwama TRA kwa sababu muuzaji hajalipa, na sisi tulidhani liko kwa Msajili. Hakuna aliyetudanganya. Wote tulikuwa tumelala, yeye na kodi yake, sisi na ufunguo wetu.

Kubaki ulipo

Njia hii inaonekana ghali kwa sababu unalipa kodi huku nyumba "yako" imefungwa. Hesabu yetu ilikuwa hivi. Tabata tulilipa 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita ni 1,800,000. Muuzaji alitaka 350,000 kwa mwezi na akasema miezi mitatu itatosha, yaani 1,050,000. Tukaona tumeokoa 750,000, hata gharama ya kirikuu ya kuhamisha vyombo ikaonekana ndogo. Miezi mitatu ikawa kumi na mmoja, na kodi ikafika 3,850,000. Tungebaki Tabata, uhamisho ukaisha kwa mitano kama ninavyoamini, tungetumia ile 1,800,000 tu. Tofauti ni zaidi ya milioni mbili, na kwa pesa hiyo ukuta wa nyuma tungeumaliza.

Kabla ya kukata tamaa na kodi ya miezi sita, nenda kamwone mwenye nyumba wako uso kwa uso. Mwambie, "Mzee, nimenunua, nasubiri karatasi, niongeze miezi miwili tu." Mpangaji aliyelipa vizuri husikilizwa kuliko anavyodhani. Wengi hatuombi kwa sababu tumezoea kuzungumza na wenye nyumba kupitia dalali.

Ubaya wa kubaki ni nyumba tupu yenyewe. Bomba hung'olewa, nyaya huibwa, simtanki hushushwa usiku, na majani yanaota mpaka dirishani. Lililo baya zaidi ni muuzaji kumpangisha mtu mwingine "kwa muda" ili asikose kitu, halafu siku ya makabidhiano unamkuta mgeni ndani na vyombo vyake. Andika kwenye mkataba wa mauziano kwamba nyumba itakabidhiwa tupu, na mkubaliane nani analipa mlinzi.

Mpangaji wa muuzaji, kwa karatasi mbili

Hii ndiyo njia tuliyoipita vibaya, na ndiyo ninayoipenda ikifanywa sawasawa.

Faida yake kubwa ni kuijua nyumba kabla ya kutoa shilingi ya mwisho. Nyumba uliyoiona Januari, uwanja umefagiwa na jua linawaka, si nyumba ya Aprili. Masika ya Dar, kuanzia Machi hadi Mei, hukuonyesha usichoweza kumuuliza dalali. Kwetu maji yalishuka kutoka barabara ya juu, yakakata uwanja, yakaja kusimama kwenye mlango wa jikoni. Utajua maji ya DAWASA yanatoka siku zipi na kwa nguvu gani. Utajua kama gari la majitaka linafika kwenye shimo. Jirani atakuja kukwambia kwamba ukuta umeingia kwake hatua mbili, na ni heri uyasikie hayo ungali na fungu la bei mkononi.

Kosa letu ni kwamba tuliyaona yote na hatukuwa na kifungu cha kutusaidia. Mkataba wa mauziano ulisema nyumba imeuzwa ilivyo. Wewe andika mapema kwamba kasoro kubwa itakayoonekana ndani ya muda wa upangaji, paa linalovuja, ufa wa msingi au mgogoro wa mpaka, muuzaji ataitengeneza au itakatwa kwenye fungu la mwisho.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Ukiwa ndani, mnunuzi wa pili akiletwa kuangalia nyumba atakukuta wewe na sufuria zako. Kuuziwa watu wawili nyumba moja ni balaa linalojulikana mjini hapa, na kukaa kwako ni onyo la wazi. Ila usilitegemee peke yake. Peleka zuio kwa Msajili wa Hati, kwa sababu kwa nyumba yenye hati kinachotambuliwa ni kilichosajiliwa.

Karatasi ziwe mbili. Mkataba wa mauziano unasema wewe ni mnunuzi, umelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Mkataba wa upangaji unasema unakaa kwa kodi gani, mpaka lini. Zikichanganywa kwenye karatasi moja, siku ya ugomvi muuzaji atasema pesa zote ulizotoa zilikuwa kodi, na wewe utasema zote zilikuwa bei. Hata unapotuma pesa kwa simu au benki, andika "kodi ya Machi" au "sehemu ya bei". Tulituma mara tatu bila maelezo, na mara hizo tatu ndizo zilizotugombanisha mwishoni.

Mke au mume wa muuzaji asaini mkataba wa mauziano. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na mwenzi asiyeridhia anaweza kusimamisha kila kitu ukiwa umeshahamia na kuzoea.

Mengine ni ya nyumbani. Piga picha ya mita ya LUKU na ya maji siku ya kuingia, maana deni la maji lililolala kwenye akaunti litakujia wewe. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Ni ya mwenye jengo kisheria ila anayeikatwa ni anayenunua umeme. Ni ndogo, msigombane, lakini mjue. Na tafadhali usijenge chochote. Usibadili malumalu, usiweke jipsamu, usichimbe kisima. Najua mkono unawasha. Kila shilingi unayozika pale kabla ya hati ni shilingi utakayoililia kama mauzo yatavunjika.

Yakivunjika, njia hii ndiyo yenye mlango wa kutokea. Upangaji unaisha kwa notisi iliyoandikwa, na malipo ya bei yanarudishwa kwa masharti ya mkataba wa mauziano. Hakikisha imeandikwa kwamba muuzaji hawezi kukata kodi kwenye pesa zako za bei isipokuwa ile ambayo kweli hujalipa.

Kuna na kifo, tusiogope kulitaja. Muuzaji akifariki, mambo yanasubiri msimamizi wa mirathi. Warithi wakikukuta na mkataba wa upangaji pekee, wewe kwao ni mpangaji wa marehemu, na watakuja kupandisha kodi. Ukiwa na mkataba wa mauziano wenye mashahidi na risiti, una dai halali kwa mirathi.

Mpangaji mnunuzi

Kwa taasisi, utaratibu huu umezoeleka. Watumishi Housing, kwa mfano, huuza nyumba zake kwa njia hii, na ukiwa mtumishi mwenye mshahara unaokatwa moja kwa moja, ni njia ya heshima. Taasisi haifi, haiachani na mke, haikopi kwa siri ikiweka nyumba yako dhamana.

Kwa mtu binafsi nina wasiwasi mkubwa. Bei huwa juu kwa sababu muuzaji anakusubiri, jambo ambalo ni haki yake. Shida ni miaka. Ndani ya miaka mitatu au minne mtu anaweza kuugua, kufilisika, kuoa mke wa pili, kuhamia mkoa. Wewe unalipa kila mwezi na hati ipo kabatini kwake. Ukikwama miezi miwili, je, yote uliyolipa yanageuka kodi na unatolewa? Mikataba mingi niliyoonyeshwa na jamaa zangu iko kimya hapo, au inasema ndiyo kwa maneno ya kuzunguka. Ukiamua njia hii, muda usizidi mwaka mmoja, zuio liwekwe siku ya kwanza, hati halisi ishikwe na wakili mliyemkubali wote, na iandikwe waziwazi kila malipo yanapunguza bei kwa kiasi gani.

"Kaa tu, tutamalizana"

Usikubali. Hata anayesema ni shemeji yako. Bila mkataba wa kukaa, hujulikani wewe ni nani humo ndani. Ukidai pesa zako zirudi, utaambiwa ulikaa bure mwaka mzima, kwa hiyo tunakata. Kesi ya namna hiyo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inaanza na swali ambalo huna karatasi ya kulijibu.

Kwa ufupi wa macho, hizi tatu zinazofikirika zikae hivi:

| | Kubaki ulipo | Mpangaji wa muuzaji | Mpangaji mnunuzi |
|---|---|---|---|
| Mwenye haraka | Wote wawili | Hakuna, msipoweka sharti | Wewe peke yako |
| Kuijua nyumba mapema | Hapana | Ndiyo, hasa masika | Ndiyo, ila umeshajifunga |
| Mauzo yakivunjika | Unadai pesa tu | Unadai pesa na unahama | Mgogoro: ilikuwa kodi au bei? |
| Muda unaofaa | Wowote | Miezi mitatu hadi minne | Mwaka mmoja kwa mtu binafsi |

Nyumba zisizo na hati

Nyumba nyingi za Dar hazina hati. Zipo zenye leseni ya makazi, na zipo ambazo karatasi yake ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa. Huko mambo ni tofauti. Uhamisho haupiti kwenye ofisi zote nilizotaja hapo juu. Pesa ikikamilika, wakili na mashahidi wakiwapo, kazi ni ya siku chache. Kwa hiyo upangaji wa katikati hauna sababu kubwa, na muuzaji akikusukuma uhamie kabla ya kumaliza, muulize kwa nini. Tena huko ushahidi wako ni majirani na mjumbe. Wakikuzoea miezi sita kama "mpangaji wa Mzee fulani", ndivyo watakavyokuelezea siku wakiulizwa.

Wapo pia wanaoombwa kinyume chake: muuzaji anataka abaki ndani kama mpangaji wako baada ya kuuza. Hilo halinitishi kama hati imeshabadilika. Kama haijabadilika, yeye bado ni mwenye nyumba mbele ya macho ya watu wote, na kodi anayokupa ni ya kukutuliza.

Ningechagua lipi

Kama upekuzi haujafanyika, baki ulipo. Hakuna kodi inayolingana na kugundua ukiwa ndani kwamba nyumba ina mkopo wa benki. Kama upekuzi ni safi, uthamini umeshafanyika, muuzaji anaonyesha risiti za pango la ardhi, na kodi yako inaisha sasa, hamia kwa karatasi mbili. Kama unasubiri mkopo wa nyumba kutoka benki, njia hiyohiyo inafaa, mradi benki ijue uko ndani kwa mkataba gani, kwa sababu mthamini wao atakuja na atakukuta. Vyovyote vile, bakiza fungu la mwisho lenye uzito. Sisi tulibakiza milioni 5 kwenye bei ya milioni 90, na milioni 5 hazikumwamsha mtu asubuhi. Ningerudi nyuma ningebakiza 30.

Mdogo wangu alinunua Kibada, Kigamboni, akawa na hali kama yetu: kodi imeisha, nyumba tupu, muuzaji mpole. Tulikaa na wakili wake jioni moja tukaongeza kifungu kimoja kwenye mkataba wa upangaji: "Kodi itakoma siku ya 90 iwapo kinachochelewesha uhamisho ni nyaraka au malipo yanayomhusu muuzaji, na mpangaji ataendelea kukaa bila kodi mpaka uhamisho ukamilike. Iwapo kinachochelewesha ni malipo ya mnunuzi, kodi itaongezeka kwa robo kuanzia siku hiyohiyo." Muuzaji alikisoma mara mbili, akauliza wakili siku zinahesabiwa kuanzia lini, akasaini. Siku ya 71 alimpigia mdogo wangu simu akiwa TRA, anaomba namba yake ya mlipa kodi ili amalizie fomu.